Mkutano Mkuu Penye Kaburi

Wanajeshi walipopanda mlimani kuwahamisha watu, Caritas alikuwa akipalilia mibuni yake. Hawakumpa nafasi ya kuingia ndani kuchukua hata chungu. Kilima kizima kiliteremshwa siku hiyo, wazee kwa watoto, mbuzi wakiachwa wanalia kambani, hadi kwenye mteremko ulio juu ya mtaa wa Kanyosha. Hapo wakaonyeshwa uwanja wa nyasi wakaambiwa ndipo watakapokaa. Waasi walikuwa wakiupiga mji wa Bujumbura kutoka milimani, na serikali ilisema inawatenga raia na waasi. Atakayekutwa juu bila ruhusa, walisema, ni adui. Ilikuwa Septemba, mwaka 1999.

Watu walijenga vibanda vya majani ya migomba, vifupi, vya kuingia kwa kutambaa. Kutoka hapo waliona mabati ya mtaa wa Kinanira yaking'aa chini yao, na ziwa, na magari yakienda mjini kana kwamba hakuna kilichotokea. Mvua zilipoanza, majani yalioza. Maji ya kunywa yalikuwa yale yale yaliyopita vyooni. Watoto wakaanza kuharisha damu.

Caritas alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa kahawa ulioitwa Turikumwe, yaani "tuko pamoja." Alikuwa mjane, mumewe aliuawa mwaka wa kwanza wa vita, na kwa muda mrefu baada ya hapo ushirika ndio uliomfanya atoke nyumbani. Kabla ya Turikumwe kila mkulima alibeba buni zake kichwani kwenda kwa mchuuzi yeyote aliyemkuta barabarani. Mizani ilikuwa ya mchuuzi, bei ilikuwa ya mchuuzi, na mkulima hakuwa na la kusema maana buni zilizochumwa hazisubiri. Zikilala siku mbili zimeharibika. Ushirika ulinunua mashine ya kumenya buni ikafungwa karibu na kijito, ukapata ghala dogo mjini, mtaa wa Buyenzi, na baadaye wanunuzi huko Ubelgiji wa ile inayoitwa biashara ya haki. Watu hao walilipa bei ambayo haikushuka hata soko la dunia likianguka. Juu ya bei hiyo waliweka fungu la ziada, ambalo wanachama wenyewe waliamua litumike kwa lipi.

Mwenyekiti wa kwanza alilitumia fungu hilo kujijengea nyumba. Caritas ndiye aliyesimama mbele ya watu wote kumwambia. Na ndiye aliyependekeza kanuni iliyofuata: fungu lisiguswe na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, bila mkutano mkuu kuamua. Kwa sababu ya kanuni hiyo walimchagua yeye.

Sasa fungu la msimu uliopita lilikuwa limelala benki, wenyewe wamelala chini ya majani, na komanda wa kambi amepiga marufuku mikutano.

Caritas alimwendea. Komanda alikuwa kijana, mwenye adabu, akinywa chai kwenye kikombe cha bati.

"Mama, watu wakikutana hapa, mimi nitajuaje kama wanazungumza kahawa au wanazungumza bunduki?"

"Tuma askari wako asikilize."

"Apana. Mkutano ni mkutano." Akaweka kikombe chini. "Kuvuna mtavuna. Nimeshaambiwa na wakubwa: msimu ukifika, mpande mlimani asubuhi mbili kwa wiki. Nchi inahitaji kahawa."

Caritas alirudi tena baada ya Krismasi, na tena buni zilipoanza kunenepa, akapata jibu lile lile.

Mwezi wa tatu buni zilianza kuwa nyekundu, na Ildephonse akapanda kambini. Alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Mutanga Sud, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na mlinzi wa kijeshi alimfuata nyuma. Aliwaambia watu kwamba yuko tayari kununua kahawa ikiwa bado mtini. Atawaleta wachumaji wake mwenyewe, na mwenye shamba hatakuwa na haja ya kuhatarisha maisha kupanda mlimani. Atalipa papo hapo. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo hata kuliko bei ya siku za wachuuzi.

"Siwalazimishi," alisema. "Lakini mi naona mna watoto wagonjwa."

Watu wasiokuwa wanachama waliuza siku hiyo hiyo. Wanachama walimtazama Caritas. Kwa kuwa mikutano ilikatazwa, aliwapitia kibanda kwa kibanda akawaeleza waziwazi: Wabelgiji wananunua kahawa iliyochumwa na mikono ya wanachama, iliyochaguliwa nyekundu tupu, iliyomenywa kwenye mashine ya ushirika. Nusu ya ushirika ikimuuzia Ildephonse, hakutakuwa na shehena, na bila shehena hakuna mkataba. Watakaporudi nyumbani siku moja, watarudi kwenye mizani ya mchuuzi. Akawaomba wavumilie. Wengi walinyamaza, na kunyamaza kwao akakuhesabu kuwa ni kukubali.

Jovithe, mdogo wake, alimfuata kibandani. Caritas alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni mpaka akawa mzito kumzidi. Sasa alikuwa mwanaume wa miaka thelathini, mwenye mke, Médiatrice, na mtoto mmoja wa kiume, Bonfils, ambaye siku hizo alikuwa hawezi tena kusimama.

"Dada, mutoto anatoka damu tupu."

"Nimemwona asubuhi. Ulimpa yale maji ya chumvi na sukari?"

"Anayatapika. Komanda amesema atatoa karatasi ya kwenda hospitali, lakini hospitali wanataka walipwe kwanza." Alichuchumaa mlangoni, hakuingia. "Fungu liko benki."

"Si langu, Jovithe."

"Ni letu. Na mimi ni mwanachama."

"Ni la wote. Kibanda kwa kibanda kuna mtoto anayeharisha. Nikimtolea wa ndugu yangu bila mkutano, nitakuwa nimefanya kile kile alichofanya yule tuliyemfukuza."

"Basi niache nimuuzie Ildephonse mibuni yangu. Yangu peke yake."

"Ukianza wewe, mdogo wa mwenyekiti, nani atabaki?"

Jovithe alichora ardhini kwa kidole. Angeweza kwenda. Ildephonse alikuwa bado yuko chini barabarani, gari lake linaonekana. Lakini hakuwahi maishani mwake kumpinga dada yake, na mazoea hayo yalikuwa na nguvu kuliko alivyojua mwenyewe.

"Sawa," alisema.

Caritas alivua kitenge alichojifunga juu ya gauni, kile kile alichohama nacho, akampa akauze. Kilinunua dawa kidogo kwa mchuuzi wa Kanyosha. Alikesha na Médiatrice, akimlowanisha mtoto midomo kwa kitambaa. Bonfils alikuwa mtoto mwenye maswali mengi. Alikuwa akimwita shangazi yake "masenge" na kumuuliza kwa nini askari hawalali. Sasa hakuuliza kitu. Siku ya tatu, jua likiwa limeshachomoza na watu wamekwenda kuteka maji, alikata roho mapajani mwa mama yake.

Massoudi alikuja kabla ya adhuhuri. Huyu alikuwa dereva na fundi wa ushirika, Mwislamu wa Buyenzi ambaye babu yake alizaliwa hapo hapo Buyenzi. Alilitunza lori, alilinda ghala, na mashine ya kumenya ilipogoma hakuna mwingine aliyejua kuituliza. Kwa kuwa hakuwa wa upande wowote katika vita ile, askari walimpitisha kwenye vizuizi ambavyo wengine hawakuvivuka. Alileta kitambaa cheupe cha kumzikia mtoto. Alimpa Jovithe mkono wa rambirambi, akasema, "Mungu akupe subira, ndugu yangu," kisha akamvuta Caritas pembeni.

"Mama Caritas, nisamehe kwa nitakachosema. Mi siko mwanachama, ni mutu wa gari tu."

"Sema."

"Komanda anakataza mikutano. Matanga hawezi kukataza. Leo wote watakuja. Wote, Mama. Lini tena utawapata pamoja?"

Caritas alimtazama kama aliyepigwa kofi.

"Ni mtoto wa mdogo wangu."

"Najua. Na kule nyuma, kwenye vibanda vya mwisho, nimepita nikaona wengine wawili wako kama alivyokuwa yeye juzi. Nawe umewaona."

Alikuwa amewaona. Aliwaangalia watu waliokuwa wakichimba kaburi dogo pembezoni mwa uwanja. Halafu akaenda kwa Jovithe, kwa sababu hakuna mwingine aliyepaswa kuulizwa.

Jovithe alisikiliza bila kuinua macho.

"Ulinizuia kuuza," alisema mwishowe. "Nikakutii. Ukaninyima fungu. Nikakutii. Sasa unataka na matanga yangu."

"Ukikataa, sitafanya."

"Na hao watoto wengine?"

Caritas alitazama upande wa vibanda vya mwisho.

"Unaona?" Jovithe alisema. "Hata kuniuliza hujaniuliza. Umekuja kunibebesha na hao watoto, nisiweze kukataa." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Fanya. Lakini usiseme jina la mwanangu ukizungumza mambo yako ya kahawa. Usilitaje kabisa."

Walimzika saa za alasiri. Askari mmoja aliletwa kusimamia, akakaa mbali kidogo juu ya jiwe, bunduki mapajani, akiona haya kukaribia. Katekista alisali. Udongo ulipokwisha kurudishwa, watu wakiwa wamekaa kwenye nyasi kama desturi, Caritas alisimama. Sauti yake haikuwa na nguvu, na hilo lilisaidia, maana askari hakugeuza hata kichwa.

"Ndugu zangu, mnajua kile tulichoweka pamoja. Tulikiweka kwa ajili ya bati la ghala. Leo nauliza kama kitoke sasa, kitufae hapa hapa tulipo. Shitingi za kutufunika mvua, dawa, na wagonjwa wapelekwe hospitali walipiwe, wa wanachama na wasio wanachama. Na nauliza jambo la pili: kama tutachuma wenyewe, kwa mikono yetu, tusiuze mtini. Katekista atasali tena. Anayekubali yote mawili, asimame kwa sala. Asiyekubali, abaki amekaa. Hakuna atakayemuuliza kwa nini."

Katekista, ambaye naye alikuwa na mibuni, alianza Baba Yetu. Watu walianza kusimama. Walisimama polepole, mmoja hapa, mmoja pale, kwa sababu wengi walikuwa dhaifu, wakishikana mabega. Wazee walinyanyuliwa. Kabla ya sala kufika katikati, uwanja mzima ulikuwa umesimama, isipokuwa watu wachache sana. Médiatrice hakuwa amesikia lolote. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye udongo mbichi. Jovithe alikuwa amekaa karibu yake, mgongo wima, akimtazama dada yake usoni. Hakusimama.

Askari, kwa heshima, alivua kofia.

Massoudi alipeleka uamuzi mjini siku iliyofuata, umetiwa saini na alama za dole gumba za wanachama, na benki ikaukubali. Alirudi na shitingi, zile za plastiki ngumu za buluu, na maboksi ya dawa, na chumvi. Wagonjwa waliteremshwa na lori la kahawa hadi hospitali, wamelazwa juu ya magunia matupu. Wale watoto wawili wa vibanda vya mwisho, mmoja alipona, mmoja alifia njiani, kwenye daraja la mto Kanyosha. Watu waliendelea kufa, lakini si kama mwanzo. Mvua za Aprili zilipokuja, walilala pakavu.

Halafu wakavuna. Asubuhi mbili kwa wiki askari waliwafungulia njia, na kilima kikapanda kwa mbio. Walichuma kama watu wa nyumba moja: wenye nguvu walianza na mashamba ya wagonjwa na wajane, wakamalizia na ya kwao. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Nyumba zao walizipita bila kuzitazama; nyingi zilikuwa zimeng'olewa mabati na milango. Walipokuwa wakichuma walisikia milio ya bunduki kutoka bonde la pili, wakajifunza kutofautisha iliyo mbali na iliyo karibu. Buni zilipokelewa kijitoni na Massoudi, ambaye alikuwa ameitengeneza mashine kwa mikanda ya gari kuukuu. Iliponguruma kwa mara ya kwanza, wanawake walilia.

Asubuhi moja mnamo Mei milio ile ilikuwa karibu. Hakuna aliyejua ni nani alimpiga nani. Watu walilala chini kati ya mibuni, na kulipotulia, mwanamke mmoja mwanachama hakuinuka. Alikuwa ameinamia kikapu chake kana kwamba anachagua buni. Jovithe ndiye aliyembeba mgongoni hadi kambini. Alipomshusha, alirudi juu, akachukua kikapu cha marehemu, akakileta kwa Massoudi.

"Pima kwa jina lake," alimwambia. "Ana watoto."

Caritas alikuwa amesimama hapo karibu na mashine; Jovithe alimpita bila neno. Tangu matanga alikuwa amefanya kila kazi ya ushirika aliyopewa, na hakuwa amemwita tena dada.

Katikati ya mwaka kambi ilivunjwa. Wakubwa walikuwa wamebanwa na mataifa, watu wakasema. Wengine wakasema askari wamechoka. Watu walipanda kurudi kwenye kuta zisizo na paa. Hapo tofauti ilionekana. Waliomuuzia Ildephonse mtini walikuwa wamekula fedha ile kabla ya Pasaka, na mibuni yao ilikuwa imevunjwa matawi na wachumaji wasiokuwa na uchungu nayo. Wengine walishuka mjini kutafuta vibarua. Wanachama wa Turikumwe walipata malipo yao, na mkutano mkuu, uliofanyika safari hii mchana kweupe, uliamua fungu jipya linunue mabati, kwanza kwa wajane na yatima. Watoto wa yule mwanamke aliyepigwa risasi walikuwa wa kwanza kuezekewa. Mabati hayakuwatosha wote. Vita ilikuwa bado haijaisha, na usiku waasi bado walipita kudai chakula. Lakini mtu aliweza kusema: nina pa kulala.

Jovithe alichukua malipo yake na hakuhudhuria mkutano. Wiki iliyofuata watu walimletea Caritas habari kwamba mdogo wake anang'oa mibuni. Walisema kwa kunong'ona, maana tangu enzi za ukoloni wa Wabelgiji kung'oa mbuni lilikuwa kosa la kufungiwa jela, na hata sasa hakuna aliyekuwa na uhakika kama sheria hiyo imekufa.

Alimkuta katikati ya shamba, mashina yamelala huku na huku. Migongo ya mikono yake ilikuwa imechubuka. Médiatrice alikuwa akikata miche ya mihogo kando ya ukuta wa nyumba yao isiyo na paa; alipomwona wifi yake, alimgeuzia kisogo akaendelea.

"Umekuja kunikataza," Jovithe alisema.

"Nimekuja na jembe."

Alikuwa nalo kweli begani. Jovithe alilitazama jembe, kisha akamtazama yeye.

"Sitaki tena kitu kinachonifanya nimngoje mtu," alisema. "Mihogo naila mwenyewe. Haingojei mnunuzi, haingojei mkutano."

"Nimesikia."

Walichimba. Mizizi ya mbuni wa miaka ishirini haitoki kwa urahisi; inabidi kuchimba pande zote, kukata, kutikisa, kuchimba tena. Walifanya kazi hiyo wakitazamana, kila mmoja upande wake wa shina, kama walivyokuwa wakilima zamani Jovithe alipokuwa mtoto.

"Ungenikatalia tena?" Jovithe aliuliza ghafla, bila kuacha kuchimba.

Caritas aliegemea mpini. Alikuwa amelijibu swali hilo mara nyingi kichwani mwake, akapata majibu tofauti.

"Kuna siku naamka nikijua ningekupa," alisema. "Na kuna siku nawaona wale watoto walioezekewa, najua ningekukatalia. Sijui, Jovithe. Sitakudanganya."

Jovithe aliliweka jembe lake chini. Alisogea akashika upande wa shina uliokuwa umelegea.

"Sukuma huku, dada," alisema.

Chini barabarani lori la Massoudi lilipiga honi. Kamati ilikuwa ikimngojea Caritas kwenye mashine. Wabelgiji walikuwa wametuma mtu wa kuzungumzia kahawa ya msimu ujao. Honi ikalia tena.

"Wanakuita. Nenda."

"Hili kwanza," Caritas alisema, akaingiza jembe chini ya mzizi.

Walisukuma pamoja mpaka ukakatika. Kisha Caritas akafuta mikono kwa nyasi, akashuka kwenda kwenye mkutano.